Unamtapishia nani choo chako?

Wiki hii sina habari za mapenzi. Wale mlioniandikia kuhusu yule dada aliyepata kadi ya mchango wa harusi ya mchumba wake mwenyewe, vuteni subira, zamu yenu inakuja. Leo nina dhambi ya kuungama, na kwa vile padri wangu akisikiliza maungamo huwa anasinzia, nimeona niungamie hapa hapa gazetini.

Dhambi yenyewe haina mwanamke, haina ulabu wala haina mshiko wa mtu. Ni dhambi ya choo. Ndiyo, umesoma sawasawa, choo. Kama upo mezani weka gazeti pembeni, maliza ugali wako, halafu turudi.

Mimi ni mtoto wa Kagera, wale mnaotuita 'nshomile' na kusema tunajisikia. Hatujisikii bwana, tunaeleza ukweli tu. Ila ukweli wa leo haunipi sifa yoyote.

Ilikuwa mwishoni mwa 1997, Bukoba mjini. Nilikuwa kijana wa miaka 23, kapuku wa kutupwa, ukapa umenibana kila kona. Nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji saba, choo kimoja cha shimo uani, na kodi ya miezi miwili nadaiwa. Mwaka ule ndio zilishuka zile mvua za Elnino. Bukoba hata mwaka wa kawaida hupata mvua ya kutosha kuwagawia Dodoma na Singida wakasaza. Mwaka ule mbingu zilikuwa kama zimepasuka.

Choo kikajaa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaarabu, mtu wa tai na ibada ya kwanza. Jioni moja mawingu yamekaa meusi kule juu ya kisiwa cha Musira, akaniita pembeni.

"Kijana wangu, unaiona hiyo mvua?"

"Naiona mzee."

"Ikichanganya, chukua sururu. Kile kiukuta cha chini upande wa mtaro, wewe kijue mwenyewe. Halafu ule mwezi mmoja unaodaiwa tuusahau."

Msomaji, wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Saa nane za usiku mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka husikii mawazo yako. Nikavaa mfuko wa nailoni kichwani, nikashika sururu, nikapiga mara nne. Tofali likatoka na vitu vyote vikafuata. Sitaeleza zaidi. Mtaro ukabeba mzigo, mtaro ukaupeleka mto Kanoni, na Kanoni, kwa wasioijua Bukoba, unakatiza mjini na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Asubuhi choo kilikuwa kitupu kama mfuko wangu. Mzee akanipa mkono. Kazi ile ina jina lake, tunaita kutapisha choo, na wewe unayejifanya umeziba pua, nenda kaulize mtaani kwenu mvua za masika zikianza.

MAMA NTILIE WANGU

Sasa sikiliza kasheshe. Jirani na ufukwe palikuwa na mama ntilie mmoja, mama mcheshi, mkono wake wa chumvi haujapata kutokea. Ndizi kwa maharage, sato wa mchuzi, chai ya maziwa. Alikuwa ananikopesha bila kununa, ananiita 'mwanangu'. Bomba likikatika, na enzi hizo lilikuwa linakatika kweli kweli, alikuwa anamtuma binti yake na ndoo. Anakwenda wapi? Ziwani.

Siku ya pili nimekaa kwenye benchi lake, nakunywa maji kwenye kikombe cha bati. Nikatazama kule ndoo inakotoka. Nikatazama kule Kanoni unakoingilia. Nikatazama kikombe. Msomaji wangu, nilihesabu mara tatu nikakuta jibu ni lile lile. Kile nilichokitoa usiku kwa sururu kilikuwa kimenifuata mezani mchana.

Wiki ile mtoto wake wa mwisho, kavulana kama ka miaka mitatu, akaanza kuhara na kutapika. Hakuwa peke yake. Mtaani jina la ugonjwa lilitajwa kwa kunong'ona. Kile kitoto kililazwa siku nne, kikatundikiwa dripu, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Mungu bariki kikapona. Lakini bwana afya akapita na amri, mama ntilie wote wafunge. Mama yule akakaa miezi bila kazi, watoto watano, na mimi deni lake sijamlipa.

Je, ni choo chetu kilichomlaza yule mtoto? Sina ushahidi wala sitaki kujipa umaarufu. Mji mzima ulikuwa unatapisha. Lakini mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Na mwaka ule nchi yetu haikuwa na utani, kwa kuwa mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 walikufa.

WAZUNGU WAMEFUNGA

Januari 1998 njaa iliponizidi nikapanda basi kwenda Muleba kwa mjomba. Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi na nyavu, anavua sangara upande wa kisiwa cha Bumbire. Miaka hiyo sangara alikuwa dhahabu. Minofu yake ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya, na mjomba alikuwa mtu wa kuagiza kreti zima la bia na kuuliza nani hajapata. Nilikwenda nikijua sirudi mikono mitupu.

Nikamkuta amekaa chini ya mti, nyavu zimekauka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wamefunga."

"Nani kafunga?"

"Wazungu. Hawataki samaki wetu. Wanasema tunahara."

Ilikuwa kweli. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wataalamu wa afya wa Umoja wa Mataifa walisema hatari ya mtu kuugua kwa kula samaki hao ni ndogo mno, lakini nani anasikiliza? Zuio lilikaa mpaka katikati ya 1998. Mnunuzi wa Ulaya akifunga mlango, bei inaanguka mpaka mwaloni Muleba, kwa mvuvi ambaye hata ramani ya Ulaya hajawahi kuiona.

"Eti ninyi watu wa mjini," mjomba akaendelea, "mnaliharia ziwa, halafu sisi ndio tunakula hasara. Hamna vyoo huko?"

Nikameza mate. Nikaangalia kuku wanavyodonoa. Nilikuwa nimekuja kumkopa fedha mtu ambaye pengine na mimi nilichangia kumfilisi kwa sururu. Akanipa hivyo hivyo, nauli na mkungu wa ndizi. Mjomba ni mjomba.

WA JUU NA WA CHINI

Kwenye basi la kurudi ndipo nikaanza kuwaza jambo ambalo mpaka leo halijanitoka. Kwenye maji hakuna mtu wa peke yake. Kila mtu ana mtu wa juu yake, anayemletea, na ana mtu wa chini yake, anayempelekea. Tatizo letu ni moja, wa juu tunawaona vizuri, wa chini hatuwaoni kabisa.

Sisi watu wa Kagera wa juu yetu tunawajua. Mto Kagera unaanzia kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, unazunguka mpakani, unapita Kyaka, ndipo unaingia ziwani upande wa Uganda, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, mto ule ulileta watu. Nasema watu, maana wale hawakuwa uchafu, walikuwa watu waliouawa na kutupwa majini. Uganda ilizika miili zaidi ya 10,000 iliyookotwa ziwani. Kwa bibi yangu samaki walipigwa marufuku. Sato aliletwa kama zawadi, bibi akamtazama, akafanya ishara ya msalaba, akamzika chini ya mgomba. Hatukucheka.

Mto huo huo ukatuletea gugumaji. Lile gugu ni maridadi, lina ua la zambarau, asili yake Amerika ya Kusini, na watu waliwahi kulipanda kama pambo la bustani. Kufika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 likakuta maji yamejaa mbolea na vinyesi, chakula chake. Likazaa kama sungura. Kufikia 1998 lilikuwa limeziba mialo, mitumbwi haitoki, mapanga ya meli yananasa. Wataalamu wakaleta vijidudu vinavyokula gugu hilo peke yake, navyo, pamoja na watu waliolivuta kwa mikono, vikalipunguza. Lakini halijaisha. Ukiliona limerudi, ujue mahali fulani kuna mtu anaendelea kulilisha.

Haya, hao ndio wa juu. Na wa chini yetu? Ziwa lile, lenye karibu kilometa za mraba 69,000, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile pale Jinja. Halafu maji mengi hayapiti hata huo mlango, yanapanda juu kwa jua. Sasa maji yakigeuka mvuke, uchafu unakwenda wapi? Haupandi. Unabaki. Kwa hiyo mtu wa Bukoba anayesema 'ziwa ni kubwa, litameza' anasahau kwamba ziwa halimezi, linatunza. Ni kama yule shangazi asiyesema kitu, anaweka moyoni, na siku ya msiba anakutolea yote.

Ndiyo maana siku hizi baadhi ya ghuba hugeuka kijani kama kisamvu. Ule ni mwani wa aina mbaya, unanenepa kwa mbolea ya mashamba, majitaka ya miji, sabuni, udongo wa vilima vilivyonyolewa miti, na hata majivu. Usishangae. Moshi wa nyasi na misitu tunayochoma unapanda angani na kurudi ziwani na mvua, ukiwa umebeba chakula cha mwani. Mwani ukifa unaoza, kuoza kunakula hewa ya majini, samaki wanaelea.

CHUPA NDOGO

Kama mnadhani mjomba alipumzika, subirini. Zuio la kwanza lilipoisha, mwaka 1999 Ulaya wakafunga tena. Safari hii sumu. Kuna watu walikuwa wamegundua njia ya mkato. Badala ya kukesha na nyavu, unamwaga dawa ya kuua wadudu wa mashambani, samaki wanaelea matumbo juu, unaokota. Dawa iliyotajwa sana ni endosulfan, ambayo wakulima wengi waliijua kwa jina la thiodan. Ni kali kiasi kwamba mwaka 2011 nchi za dunia ziliiingiza kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kutokomezwa.

Nilipokwenda tena Muleba mjomba akaniambia, "Mpwa, walinijia na chupa ndogo hivi. Wakasema mzee, kazi ya wiki nzima unaimaliza kwa saa moja." Nikamuuliza alijibu nini. Akavuta pumzi.

"Niliishika. Usiku mzima imekaa chini ya kitanda changu. Nilikuwa na ada ya watoto wawili. Alfajiri nikafikiri, huyu samaki nikimpata namuuzia nani? Wa kiwandani hawataki. Basi atabaki hapa hapa, nitamuuzia jirani. Nikaona, bora nibaki maskini mwenye majirani."

Akaifukia mbali na maji. Ningependa kuwaambia kwamba akatajirika. Wapi bwana. Ada alilipa kwa kuuza ng'ombe. Ila nilimheshimu kuliko nilivyojiheshimu mimi, kwa sababu yeye njaa ilimjia na chupa akakataa, mimi ilinijia na sururu nikapokea.

KWANI WENZETU?

Msije mkadhani uchafu wa maji ni ugonjwa wa Waafrika. Agosti na Septemba 1854, London, kwenye mtaa wa Broad Street, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600. Wasomi wakasema ni harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, akazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza marehemu alikuwa anachota wapi. Wengi walichota kwenye pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye ikagundulika kwamba mama mmoja alikuwa amefua nepi za mtoto wake aliyekuwa anaharisha na kumwaga maji kwenye shimo la majitaka la nyumba yao, nalo lilikuwa linavuja karibu kabisa na kisima. Ninaposoma habari ile huwa namwonea huruma yule mama. Hakuwa na sururu. Mimi nilikuwa nayo.

Kuna kituko kimoja pale. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha bia, na wafanyakazi wake hawakufa, maana walikuwa wanakunywa bia badala ya maji. Jamaa zangu wa rubisi, nawaona mnavyotabasamu. Acheni. Bia ile ilitengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Chemsheni maji, mtaokoa na mshiko.

Nenda Japani. Minamata, miaka ya 1950, paka walianza kuyumbayumba kama walevi na kufa, kisha wakafuata watu. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kinamwaga zebaki kwenye ghuba, samaki wameila, watu wamekula samaki. Umwagaji ule haukukoma mpaka 1968, na kuna watoto waliozaliwa wameharibika kwa chakula walichokula mama zao. Zebaki hiyo hiyo ndiyo wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa wanaitumia kukamatia dhahabu. Tuwe macho.

Lakini sitaki mlale na huzuni. Tarehe 1 Novemba 1986, Basel, Uswisi, ghala la dawa za mashambani liliungua. Maji ya wazima moto yakasukuma tani za sumu mto Rhine, mto ukageuka mwekundu, samaki wakafa mpaka mamia ya kilometa huko chini, na Waholanzi, walio mwisho kabisa wa mto, wakafunga mitambo yao ya maji. Hapo ndipo wa juu na wa chini walipokaa meza moja. Mwaka uliofuata wakakubaliana kuusafisha, wakajiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2000 samaki aina ya salmoni awe amerudi. Na akarudi.

Sisi tuna hiyo meza. Mwaka 2003 Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini itifaki ya kulitunza bonde la Ziwa Victoria, na mwaka 2007 Rwanda na Burundi zikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maana yake nchi zote tano za bonde letu, wa juu na wa chini, sasa wanakaa ukumbi mmoja. Na hapa nyumbani sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Mita sitini, mshikaji. Pima kuanzia pale unapooshea bodaboda yako.

Ila meza haina choo. Visiwani Muleba kuna kambi za wavuvi juu ya miamba ambako kuchimba shimo ni kazi ya baruti, kwa hiyo watu wanamaliza shida majini, konokono wanapokea, na kichocho kinarudi kwa yule yule aliyeingia majini kusukuma mtumbwi. Na ziwa lilipofura mwaka 2020 na tena 2024, vyoo vya ufukweni viliingia majini vyenyewe bila kusubiri sururu. Hayo hayasubiri mkutano wa mawaziri. Yanasubiri choo kinachojengeka kwenye mwamba na kilichokaa mbali na maji.

NILIVYOUNGAMA

Majuzi nilipokwenda likizo nyumbani nikasema basi, mzigo huu nautua. Nikamtafuta yule mama. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, kiti cha plastiki barazani, kanga mbili, macho yale yale ya ucheshi. Aliponitambua akapiga ukelele, "Mawe! Huyu si yule mwanangu wa deni?"

Nikampigia magoti, nikamlipa deni na riba yake ya miaka yote. Soda ikaletwa. Anayeileta ni jibaba limejaa mlango, nikaambiwa ndiye yule, wa dripu. Nikashindwa kumeza.

Nikasema yote. Mvua, sururu, mtaro, Kanoni, ndoo. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaangalia mikono yake.

"Mwanangu, kumbe ndilo lililokuleta? Kwani sisi choo chetu kilikuwa kinakwenda wapi? Marehemu baba yao mvua ikianza alikuwa anatoa jiwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Nilikuwa nashika taa."

Tukanyamaza. Ziwa lilikuwa linaonekana kwa mbali, limetulia, bluu, kama halijui kitu.

Jibaba likawa linatutazama kwa zamu, mimi na mama yake. Halafu likasema taratibu, "Kwa hiyo kumbe mlinichangia."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, lakini machozi yangu hayakuwa ya kicheko. Tangu nizaliwe nimechangia harusi, vipaimara na misiba. Sikujua kwamba mchango wangu mkubwa kuliko yote niliutoa usiku, kwenye mvua, bila kadi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mimi si mwalimu wa afya na sina mamlaka ya kumhubiria mtu. Nakuomba mambo machache tu. Choo kikijaa, wapangaji jichangeni muite gari la kunyonya majitaka, gharama ikigawanywa kwa saba haifiki bei ya kreti la bia. Maji ya kunywa chemsha, hata yakiwa meupe kama kioo, maana vijidudu havina rangi. Chupa ya dawa ya shamba usiioshee mtoni. Na mwenye nyumba akikuita pembeni jioni ya mawingu akakuahidi kufuta kodi, mwambie kaka yako wa gazetini alishawahi kuipokea ofa hiyo, na bado anailipa.

Halafu kabla hujainua sururu jiulize swali moja: chini yangu pale kuna nani? Usipomwona, usidhani hayupo. Yupo, ana ndoo, na pengine mchana utakwenda kula kwake.

Wiki ijayo tunarudi kwa yule dada na kadi yake ya mchango. Tuonane panapo majaliwa.